Bibi wa Maabara Anajibu: Ua la Bukini na harufu ya kikuba

SWALI: Shikamoo Bibi. Vinka, yaani ua la Bukini, limejaa uani kwetu, na mamangu huchemsha majani yake kwa ajili ya sukari. Chuoni tumeambiwa ua hilo hutoa dawa za saratani, ila seli zake zikioteshwa chupani kwa homoni hunawiri bila dawa kuonekana. Mbona? Homoni si kama mbolea?
Mwanafunzi, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijastaafu nikarudi Malindi, hizo chupa ndizo zilikuwa kazi yangu, na jambo hilo lilinikosesha usingizi.

Homoni hailishi seli, huiamuru. Tuliyoitumia sana ni 2,4-D, hiyo hiyo inayouzwa kuulia magugu. Sisi tulitia miligramu 1 tu kwa lita. Seli zilifura kama chicha iliyokwisha kukamuliwa tui. Nikizisaga na kuzidondoshea maji ya Dragendorff, yanayoifanya alkaloidi, kundi la kemikali za mmea lenye dawa hizo, iwe rangi ya chungwa, karibu sioni kitu. Nikahamishia chicha ile ile kwenye lishe isiyo na 2,4-D, yenye saitokinini, homoni nyingine ya mimea, kidogo. Ukuaji ukazorota, lakini rangi ikaja! Kumbe 2,4-D huzikuza seli huku ikizima jeni za kupikia alkaloidi, ambazo kwa mmea ni sumu za kujikinga na wadudu.

Ndiyo maana seli hutishwa. Jani likitafunwa hutoa homoni iitwayo jasmoneti, na jina hilo limetoka kwenye asumini: methili jasmoneti ilipatikana katika mafuta yake, harufu unayoijua kwenye kikuba. Ukiitia chupani, seli hudhani zimeumwa, zikaanza kutoa alkaloidi kama ajmalisini na katharanthini. Ila ngoja kwanza ziongezeke. Mimi niliwahi kuitia siku ya pili, chupa nzima ikadumaa.

Vinblastini, dawa yenyewe ya saratani, ni ngumu zaidi. Ni katharanthini iliyoungana na alkaloidi nyingine, vindolini, na vindolini hutaka jani halisi na mwanga. Kwa hiyo majani bado huvunwa, kama kilo 500 makavu kwa gramu 1.

Kuhusu mama, mwambie kwa adabu aache kuchemsha, aende kliniki. Dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu. Ndivyo watafiti Robert Noble na Charles Beer walivyoigundua vinblastini huko Kanada miaka ya 1950: walikuwa wakiyajaribu majani hayo kwa kisukari, kama mama.