Maswali na majibu: selimundu katika ukoo

Mavyaa wangu anasema ugonjwa wa mwanangu umetoka kwetu, maana kwao haujaonekana. Ni kweli? (Mama, Wete)

Si kweli, na nimeumia kuisoma barua yako. Selimundu ni ugonjwa wa damu ambao seli nyekundu hujikunja kama mundu. Mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa, amerithi jeni ya selimundu kwa mama na kwa baba, moja kila upande. Mwenye jeni moja tu, yaani AS, kwa kawaida haumwi. Huweza kuishi hadi uzeeni bila kujua, na watoto wake huenda wakawa vilevile. Kwa hiyo kutoonekana mgonjwa kwao si ushahidi. Usiubebe mzigo huu peke yako.

Tuliambiwa “mmoja kati ya wanne”. Wa kwanza anaumwa. Watatu wajao watakuwa wazima? (Baba, Mkoani)

Hapana. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina hesabu yake mpya: robo SS, nusu AS, robo AA, yaani asiye na jeni hiyo kabisa. Mtoto aliyetangulia hapunguzi wala haongezi.

Nataka kumposa binti ami. Nyumbani kuna selimundu. Niache? (Kijana, Chake Chake)

Udugu hauzalishi jeni. Lakini babu yenu ni mmoja, na kama alikuwa nayo, huenda nyote wawili mmeipokea. Ndiyo maana hatari huwa kubwa kuliko kuoa mbali. Msivunje kwa hofu, pimeni kabla ya posa. Ombeni kipimo kinachotenganisha AA, AS na SS, kwa sababu kile cha haraka cha kutazama seli zikijikunja hakimtofautishi AS na mgonjwa. Mmoja wenu akiwa AA, hamtazaa mtoto wa SS. Mkiwa AS wote, uamuzi ni wenu, lakini mtauamua mkijua.

Asili yetu Oman. Huu si ugonjwa wa Waafrika? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Jeni hii ipo Oman, mashariki mwa Saudia, India, hata Ugiriki. Haifuati rangi, imefuata malaria. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kwa tafiti za Afrika Mashariki kwamba AS hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana wamejaa pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache milimani.

Malaria imepungua sana visiwani. Selimundu nayo itakwisha? (Mwalimu, Unguja)

Si karibuni, jeni hupungua polepole, kwa vizazi vingi. Na tafadhali, mwenye SS hana kinga ile ya AS. Malaria ikimpata humdhuru vibaya, kwa hiyo alale ndani ya chandarua, na homa yoyote apelekwe hospitali siku hiyohiyo.