Ubatizo wa kwanza wa mtoto mchanga: kazi kubwa inafanyika kabla ya Jumapili yenyewe

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Umeeleza kwamba umebarikiwa hivi karibuni kuwa mchungaji, umepangiwa usharika wilayani Newala, na muda si mrefu utabatiza watoto wachanga kwa mara ya kwanza. Ukauliza ufanyeje ili mikono isitetemeke na mtoto asilie. Nimehudumu miaka mingi katika sharika za Kilutheri za Mtwara na Lindi, pwani na bara, na naona hofu yako imeelekea mahali pasipo na shida kubwa. Mtoto akilia, na alie. Yanayovuruga ibada ya ubatizo huku kwetu huwa yameanza kuvurugika nyumbani kwa wazazi wiki kadhaa kabla.

Anza na mjomba. Kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo umehesabiwa tangu zamani kwa upande wa mama, na ingawa mengi yamebadilika, kaka wa mama bado ana kauli kubwa juu ya mtoto wa dada yake kuliko anavyodhani mchungaji aliyetoka mkoa mwingine. Katika eneo lenye Waislamu wengi kama letu, mjomba huyo anaweza kuwa Mwislamu asiye na kinyongo chochote na kanisa. Anachotaka ni kushirikishwa. Akisikia habari za ubatizo kwa watu wa pembeni, ama hatafika, ama atafika na maswali yake mlangoni mwa kanisa wakati kengele inalia. Nenda kwake ukamwamkie. Mweleze kwamba wadhamini wa ubatizo hawana budi kuwa Wakristo waliobatizwa, kwa kuwa wataulizwa mbele ya usharika kama wanamkataa shetani na kazi zake zote, kisha watakiri Imani ya Mitume, na si haki kumtamkisha mtu mzima maneno asiyoyaamini. Papo hapo mwombe akae mbele pamoja na familia. Mimi sijakutana na mjomba aliyeikataa heshima hiyo. Na ikiwa jina la mtoto limetolewa na yeye au na bibi, liache kama lilivyo, kwa maana hakuna sharti la imani linalodai jina la kizungu.

Gumu zaidi ni suala la mama ambaye hajafunga ndoa, au wazazi wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisani. Wapo wazee wa kanisa watakaokuambia kwamba mtoto asubiri mpaka wazazi watubu na kurudishwa kundini. Taratibu hutofautiana, kwa hiyo zungumza na mkuu wa jimbo lako kabla ya kumwahidi mtu tarehe. Msimamo wangu, nilioutetea katika vikao vingi vya baraza la wazee, ni kwamba mtoto hapaswi kubebeshwa adhabu ya wazazi, na kwamba mama anayekuja mwenyewe kuomba mwanawe abatizwe ameshaonyesha njia ya kumrudishia kundini. Usimhoji mbele za watu.

Katika mafundisho ya wazazi na wadhamini, jiandae kwa swali wanaloulizwa na majirani zao walokole: mtoto asiyejua kusema anaaminije? Usikimbilie kusema kwamba Matendo 16, pale mlinzi wa gereza wa Filipi alipobatizwa, yeye na watu wake wote, panataja watoto wachanga, kwa sababu hapawataji, na jirani mwenye Biblia ataona. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linafundisha kwamba watoto wabatizwe kwa sababu kwa ubatizo wanakabidhiwa kwa Mungu na kupokelewa katika neema yake. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 nayo inaeleza kwamba si maji peke yake yanayotenda, ila Neno la Mungu lililo pamoja na maji. Wazazi wakishaelewa kwamba Mungu ndiye anayeanza na mtoto anapokea, swali la jirani halitawatisha tena.

Uliza pia, kwa kila mtoto, kama hajabatizwa tayari. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au aliyeugua vibaya huenda alibatizwa hospitalini na muuguzi au nyanya yake, na kanisa letu linakubali ubatizo wa dharura unaofanywa na Mkristo yeyote. Ikiwa maji yalitumika na jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu likatajwa, huyo amebatizwa. Mtambulishe mbele ya usharika, muombee, mwandike kitabuni, lakini usimwagie maji tena, hata familia ikishikilia kwa kuwa sare zimeshashonwa.

Siku yenyewe haina mengi. Maji yawe masafi na, asubuhi za Juni na Julai huko juu Newala, yachanganywe na ya moto kidogo. Kofia ya mtoto ivuliwe kabla hajaletwa kwako. Ikiwa hujazoea kubeba wachanga, mwache mama au mdhamini ambebe, kichwa kikiwa juu ya birika la ubatizo, nawe ukitegemeza kisogo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uchote maji na kuyamimina mara tatu, yaonekane yakitiririka, si kulowesha ncha za vidole. Maneno ya ubatizo yajue kwa moyo. Majina yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyo mikononi mwa mwinjilisti, kwa mpangilio wa watoto walivyosimama, kwa sababu mama mwenye haya hunong'ona na kwaya haina subira. Mtoto akilia, ngoja kidogo kisha useme kwa sauti ya kawaida. Ukipandisha sauti ushindane naye, atakushinda.

Msimu wa korosho ukishalipa, hasa kuelekea Krismasi, utaletewa watoto wengi kwa pamoja na sherehe zitakusubiri kila nyumba. Kabla hujatoka kwenda kula pilau ya mtu, kaa na karani ofisini mjaze kitabu cha ubatizo: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa, wazazi, wadhamini na saini yako. Linganisha tahajia ya jina na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Cheti cha ubatizo utakachotoa kitaombwa wakati wa kipaimara na wa ndoa, na kwa mtoto ambaye hakusajiliwa mapema kinaweza kutumika kama kielelezo RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, ambako herufi moja iliyokosewa humrudisha mzazi nyumbani na nauli ikiwa imeshaliwa.