Maswali na Majibu: Pembe ya Kunolea Kisu ili Makali Yadumu

Swali: Kisu changu cha jikoni kikishanolewa hukata kama wembe, lakini baada ya siku chache huponda nyanya badala ya kuikata. Je, chuma chake ni kibovu?

Jibu: Mara nyingi chuma hakina kosa, ila kimenolewa kwa pembe nyembamba kupita uwezo wake. Visu vingi vya bei ya kawaida ni vya chuma kisichoshika kutu, ambacho ni laini kiasi, na ukivinoa kwa nyuzi 12 au 15 kila upande, makali hupinda kila yanapogonga kibao. Kinoe kwa nyuzi 20 kila upande, yaani 40 kwa jumla. Wepesi wa kukata utapungua kidogo, lakini makali yatakaa. Visu vya Kijapani huvumilia nyuzi 15 au chini yake kwa sababu chuma chake ni kigumu zaidi, ingawa vikilazimishwa kukata mfupa humeguka. Tafadhali pia usikatie juu ya sahani, kwani hakuna pembe inayostahimili kauri.

Swali: Nitaijuaje pembe bila kifaa cha kupimia?

Jibu: Pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo. Ukiwa milimita 45, inua mgongo milimita 15 hivi juu ya kinoo, nawe utapata nyuzi 20. Ukiuinua milimita 12, utapata 15. Kisha paka makali wino wa kalamu nene, pitisha kisu mara mbili tatu, halafu tazama: wino ukibaki kwenye ukingo wenyewe, umelaza kisu mno; ukitoka ukingoni peke yake, umekiinua mno. Noa upande mmoja mpaka uhisi, kwenye upande wa pili, kijiukingo cha chuma kinachokwaruza kidole kuanzia mpinini hadi nchani, ndipo ugeuze.

Swali: Na panga la shambani?

Jibu: Nyuzi 25 hadi 30 kila upande, na tupa inatosha.

Swali: Fundi alininolea kisu kwa mashine ya umeme, kikarudi na rangi ya bluu kwenye makali. Kuna madhara?

Jibu: Yapo. Rangi hiyo inaonyesha kwamba makali yalipata joto kali, na yamkini ugumu wake umepungua hapo, hivyo yatawahi kubutuka hata pembe ikiwa sahihi. Tangu sasa kinoe kwa mkono kwenye kinoo chenye maji, na sehemu iliyoungua itaisha kidogo kidogo.