Mwacheni aondoke akitaka

Mhariri, wiki hii mmeuliza: paka anayetoroka kila aonapo brashi asaidiweje? Najua wengi watashauri azungushiwe taulo, kazi iishe upesi. Mimi nasema aachwe aondoke akitaka. Paka anayejua kwamba njia iko wazi hana sababu ya kupigana. Ukimbana, kesho ukifungua tu droo ya brashi ameshaingia uvunguni.

Wangu niliiacha brashi sakafuni, karibu na anapolala, mpaka akaanza mwenyewe kuisugulia shavu. Ndipo nikaishika. Nikampitishia mara moja shavuni, nikampa kitu anachokipenda, basi. Paka wengi hupenda kuguswa mashavuni, kidevuni na nyuma ya masikio. Tumbo na shina la mkia visubiri sana.

Wakati unamchana, mtazame mwili. Kukoroma kusikudanganye, maana paka hukoroma hata akiwa na hofu au maumivu. Mkia ukianza kuchapa huku na huku, ngozi ya mgongo ikitetema, masikio yakilala, weka brashi chini hata kama umechana upande mmoja tu. (Atatembea hivyo hivyo nusu nusu, wala haoni aibu.) Anayeng'ata huwa ameshaonya zamani.

Manyoya yakijifunga fundo, mkasi hapana! Ngozi ya paka ni nyembamba, ukivuta fundo nayo inainuka, na ni rahisi mno kuikata. Fundo lililogandamana na ngozi ni la daktari wa mifugo, mwenye mashine ya kunyolea na dawa ya kutuliza ikibidi. Dawa zetu za kabatini zisiguswe: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka.

Kucha nazo kwa kawaida ni 18, na hakuna aliyeamuru zikatwe zote siku moja. Bonyeza kidole taratibu ukucha uchomoze, kata ncha tu. Sehemu ya waridi ndani yake ina damu na inauma.

Ila paka mzee aliyekuwa akipenda kuchanwa, kisha ghafla anakutolea kucha ukimgusa kiunoni, msimwite mkaidi. Maumivu ya viungo huwapata sana paka wazee, na paka ni hodari wa kuficha maumivu. Huyo apelekwe kwa daktari kwanza, habari ya brashi baadaye.