Unaondoka Dar kwenda kufanya kazi ng'ambo: jinsi ya kupata watu huko

Ukiishi Dar, watu unawapata bila kupanga. Unamsalimia muuza chapati kila asubuhi, unachangia msiba wa mtaani, unaitwa kwenye kikao cha harusi, na kabla mwaka haujaisha una mtu wa kumwachia funguo. Ukifika Guangzhou au Hamburg, mlango huo huukuti. Mlango upo, ila uko upande mwingine wa nyumba, na anayegonga ukuta atarudi akisema wenyeji wana roho mbaya. Tunaandika hasa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo China, na wauguzi vijana wanaojiandaa kwenda Ujerumani.

Maandalizi yaanze hapa hapa. Kijerumani kinafundishwa Goethe-Institut mjini, na Kichina kipo katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata anayekwenda wiki tatu tu ajue sentensi 30 za kusalimia, kushukuru, kuomba radhi, kuuliza bei, na kusema "sijaelewa, rudia taratibu". Hiyo ya mwisho utaitumia kuliko zote. WeChat, programu ya simu ambayo Wachina hutumia kutumiana ujumbe, ifungue ukiwa bado Dar, kwa sababu akaunti mpya mara nyingi hudai uthibitisho wa mtu mwenye akaunti ya muda mrefu, naye lazima askani msimbo wako kwa simu yake. Kariakoo watu hao wamejaa. Ukishatua China peke yako, utahangaika kumpata. WhatsApp na Google kule zimezuiwa, kwa hiyo waage wa nyumbani ukiwaeleza utapatikana wapi.

Jambo la saa linaharibu mahusiano kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyechoka anataja "nne" kwa Kiingereza akiwa na saa nne yetu kichwani, mwenzake anamsubiri 16:00 wakati yeye alimaanisha 10:00. Miadi yote iandike kwa saa 24, pamoja na tarehe. China iko saa tano mbele yetu, kwa hiyo ujumbe wa kiwandani utume kabla ya saa sita mchana ya Dar. Hapo kule ni 17:00 na watu wanafunga. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Saa zao hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ile ya Machi inasogezwa mbele, na mwenye saa ya ukutani isiyojirekebisha anafika zamu akiwa amechelewa saa nzima.

Kwa China, uhusiano wa biashara hukomaa mezani. Ukialikwa chakula na mwenye kiwanda, usijichagulie kiti. Kiti kinachotazama mlango ni cha mwenye heshima yake, na wewe mgeni utaoneshwa pa kukaa. Kadi ya jina ipokee kwa mikono miwili, isome kidogo, iweke mezani mbele yako. Ukiitumbukiza mfuko wa nyuma wa suruali na kuikalia, wameona. Vijiti usivichomeke wima kwenye bakuli la wali, hiyo ni sura ya ubani wa marehemu. Wakigonganisha glasi, ukingo wa glasi yako ushuke chini kidogo ya ule wa mkubwa wako. Hapa Mtanzania hana shida, heshima kwa wakubwa amezaliwa nayo, anachobadilisha ni ishara tu.

Kama hunywi pombe au huli nguruwe, sema siku unayoalikwa, kabla hamjaketi. Ukisema mapema watakutafutia mkahawa wa halali, na Guangzhou ipo ya kutosha. Utagonganisha glasi kwa chai na hakuna atakayekasirika. Ukinyamaza kisha ukaanza kusukuma sahani pembeni, mwenyeji anafedheheka mbele ya watu wake, na hilo ni kosa kubwa zaidi ya kukataa chakula. Bili hailipwi nusu kwa nusu. Aliyealika analipa, na wewe unaalika safari nyingine.

Fedheha ndiyo inayovunja biashara nyingi. Chukua mfano wa mzigo uliofika Dar na kasoro. Wengi hurekodi sauti ya hasira na kuitupa kwenye kundi la WeChat lenye wafanyakazi wa kiwanda. Kuanzia hapo kila mtu anajitetea na mzigo hausuluhishwi. Fanya hivi: piga picha za kasoro ukiweka rula pembeni, piga na namba ya katoni, hesabu ("makatoni 12 kati ya 200"), kisha mwandikie mhusika faraghani. Mwulize anapendekeza nini kabla hujadai chako. Mara nyingi atakufidia kwenye oda inayofuata. Kumbuka pia kwamba malipo ya kawaida ni asilimia 30 mwanzoni na 70 kabla ya mzigo kupakiwa, kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya ile 70. Urafiki usikufanye uruke ukaguzi. Kagua kwa adabu, ukiwa naye. Na ukijibiwa "tutaliangalia hilo" mara mbili mfululizo, chukulia ni hapana.

Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, na viwanda hufunga kwa wiki kadhaa. Tuma salamu kabla, usiambatanishe na swali la oda. Ujumbe usio na ombi lolote una uzito wake.

Ujerumani hali ni tofauti kabisa. Huko wanaanza na kazi, ukaribu unafuata nyuma, wakati mwingine baada ya miezi mingi. Mwenzako wa wodini atakwambia "hivi sivyo" mbele ya wengine bila salamu wala "samahani". Kwa masikio ya Dar hayo ni matusi. Kwake ni taarifa ya kazi, na baada ya dakika 20 atakukaribisha kahawa akiwa ameshasahau. Mjibu kuhusu kazi, rekebisha, endelea. Ukinuna siku tatu hataelewa kwa nini.

Hatari kubwa zaidi ni "ndiyo" yetu ya heshima. Hapa nyumbani mtu husema "sawa" kumpa mkubwa nafasi, kisha anakwenda kuuliza pembeni. Kwenye wodi "sawa" ina maana umeelewa na utawajibika. Zoea kurudia ulichosikia: "Miligramu 10, kwa mdomo, saa 20:00, sivyo?" Inachukua sekunde tano. Mkuu wa zamu akisikia unarudia hivyo kila mara anaanza kukuamini, na huko kuaminiwa kazini ndiko kunakomfungulia mtu nyumba za wenzake. Ukiugua, piga simu kabla zamu haijaanza, hata kama ni alfajiri. Wakubwa waite kwa jina la ukoo na "wewe" ya heshima ya Kijerumani (Sie) mpaka wenyewe wakuruhusu ile ya kawaida (du). Anayeruhusu ni mkubwa kwa mdogo.

Wakati wa mapumziko, kaa chumba kimoja na wenzako. Simu ya Dar ipigwe baada ya kazi. Siku yako ya kuzaliwa, keki unaileta wewe, na wa kwao usimpongeze kabla ya tarehe yenyewe, wanaona ni nuksi. Ukihamia nyumba, jiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, kisha bonyeza kengele za majirani na ujitaje. Kelele zinakoma saa 22:00, na Jumapili hakuna kutoboa ukuta wala kutupa chupa kwenye pipa la vioo. Neno "karibu nyumbani" lisilo na tarehe halihesabiki kama mwaliko. Sema "Jumamosi ya tarehe fulani, 18:00", wiki mbili au tatu kabla. Halafu jiunge na chama cha mtaani, iwe kwaya au mpira, na uhudhurie kila wiki, hata Novemba giza linapoingia mapema na kitanda kinakuvuta. Wengi huachia hapo, na upweke unawakuta hapo.

Oman ni rahisi na kwa hiyo inapumbaza. Utakuta familia zinazoongea Kiswahili kwa sababu ya historia yao na Zanzibar, nawe utajiachia kama uko Magomeni. Lugha moja haifuti mipaka. Uliza hali ya familia kwa jumla, usimtaje mke wa mtu. Kikombe cha kahawa kipokee kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kidogo unapokirudisha, la sivyo utaendelea kumiminiwa.

Popote uendako, Watanzania wenzako watakusaidia kupata chumba, unga wa ugali na mtu wa kulia naye. Washike. Ila angalau siku mbili za wiki ziwe za wenyeji tu, la sivyo utamaliza miaka ukiijua nchi kwa kusimuliwa. Ukidhalilishwa kwa rangi yako, usimeze. Andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na aliyeshuhudia, kisha mpelekee msimamizi au baraza la wafanyakazi siku hiyo hiyo.

Kwa zawadi, khanga haikosei, na ni nyepesi mzigoni. Nunua doti nzima na usome jina lake kabla ya kulipa, maana utaulizwa limeandikwa nini, na majina mengine ni vijembe vya majirani. Kahawa iliyokaangwa na kufungwa vizuri nayo inapendwa. Nyama na vitu vya maziwa usibebe kwenda Ujerumani, vitachukuliwa forodhani. Mchina usimpe saa ya ukutani, inahusishwa na kifo.

Na wao wakija Dar, wapokee kwa utaratibu waliouzoea. Waandikie siku tatu kabla ni nani atawapokea uwanja wa ndege, safari ya kufika hotelini inaweza kuchukua muda gani kwa foleni, na mchana watakula wapi. Wakishapumzika, ndipo uwapeleke kwa mama yako bila miadi.