Usikubali kosa la spidi ndio tu yaishe: maswali ya watu wa pikipiki

Wiki hizi mbili nimetumiwa meseji nyingi na watu wa pikipiki walioshikwa juu ya spidi, wengine ni wa boda, wengine wana pikipiki zao za kuendea kazi, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: nikubali yaishe ama nipinge? Nimechagua chache nizijibu hapa. Mimi si wakili, ni mtu wa pikipiki miaka kumi na nne sasa na nimekaa kwa benchi za korti ya trafiki na wenzangu mara nyingi sana. Haya yote ni ya Kenya, kama uko Tanzania ama Uganda sheria yenu ni nyingine.

Sasa kaka. Nilishikwa Jumanne karibu na Gilgil, nikaambiwa nilikuwa 74 na hapo ni 50. Kesho kutwa niko korti. Wenzangu stejini wote wanasema nikubali tu nipigwe faini kidogo nirudi kazi, ati nikikataa nitafungwa. Ni kweli? (Boda, Naivasha)

Si kweli ndugu yangu, na hii ndio uongo inaumiza watu wetu kushinda zote. Kukataa shtaka hakufungi mtu. Unasomewa shtaka, unasema "si kweli", hakimu anaandika hivyo, anaweka tarehe ya kusikizwa, wewe unaenda nyumbani kwa dhamana. Katiba kifungu cha 49 inasema kama kosa adhabu yake ni faini peke yake, ama kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hafai kuwekwa rumande akingoja kesi. Na kifungu cha 50 kinasema wewe huna hatia mpaka ithibitishwe, na ni upande wa mashtaka wa kuthibitisha, si wewe.

Kitu hawakuambii pale stejini ni venye kukubali kunafunga mlango. Ukishasema "ni kweli" huwezi tena kukata rufaa kusema hukufanya, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kifungu cha 348 inakuachia tu kulalamika juu ya ukubwa wa adhabu ama kama adhabu yenyewe ni halali. Sasa hebu fikiria, mtu anatoa hio haki yake yote asubuhi saa tatu juu ana haraka ya kurudi stejini, na ata hajauliza walijuaje alikuwa 74.

Kuna kanuni za makosa madogo ya trafiki zilitoka 2016, jedwali lake linasema ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000, zaidi ya 20 unaenda korti. Wewe unadaiwa ulizidisha 24. Angalia hapo vizuri, tofauti ya kilomita tano kwa hio mashine inakutoa mbele ya hakimu inakurudisha kwa faini ya 10,000, kwa hivyo swali la mashine ilisoma nini, na ilisoma nani, si swali la ujanja. Ni kesi yako yote hio.

Mimi nilionyeshwa namba kwa mashine, 81. Lakini kulikuwa na matatu imenipita pale pale, na mimi naendesha Boxer ya 100, pikipiki ya injini ndogo ya cc 100, nikiwa na abiria. Nitaeleza aje hakimu bila kuonekana najitetea tu? (Thika Road)

Hapa nitakaa kidogo juu ndio mahali watu wa pikipiki wako tofauti na watu wa gari.

Mashine ziko aina mbili. Ile ya rada inatuma mawimbi yanayosambaa, na yanasambaa sana, mashine ambayo mwale wake umefunguka digrii 12 ukifika umbali wa mita 300 mwale huo una upana wa zaidi ya mita 60, yaani umefunika barabara yote na kando zake. Halafu mawimbi yanarudi kutoka kwa chuma, na chuma kikubwa kinarudisha mengi. Pikipiki mbele ni nyembamba, taa, shoki, magoti ya mtu, basi. Matatu ni ukuta wa bati. Kwa hivyo kama ulikuwa umeandamana na matatu ama lori, kuuliza ni nani aliyesomwa ni swali la haki kabisa na hakimu anafaa kulisikia.

Ile ya leza ni tofauti, mwale wake ni mwembamba sana, kwa mita 300 ni kama mita moja hivi, hio inaweza kuchagua pikipiki katikati ya magari. Lakini lazima aliyeshika alenge vizuri na mkono usitetemeke, na kwa pikipiki pa kulenga ni padogo.

Kwa hivyo ukipewa nafasi ya kumuuliza shahidi maswali, usianze kumwambia anadanganya. Muulize pole pole. Mashine ilikuwa ya aina gani? Alisimama wapi? Nilikuwa umbali gani aliponilenga? Kulikuwa na gari ingine mbele yangu, nyuma yangu, kando yangu? Alijuaje ni mimi? Mashine ilipimwa usahihi mara ya mwisho lini, na cheti kiko wapi? Alifunzwa kuitumia? Uliza moja, ngoja ajibu, hakimu aandike, halafu uliza ingine. Nimeona watu wakipoteza kesi nzuri juu walipopewa dakika tano za kuuliza wakahutubia badala ya kuuliza.

Usitumie ile ya kusema alisimama kando ya barabara kwa pembe kwa hivyo namba ni mbaya. Watu wengi wanaipenda hio na inawageukia. Mashine iliyosimama ikikupima kwa pembe inasoma spidi ya CHINI kuliko ile ulikuwa nayo, si ya juu, kwa hivyo unakuwa umemsaidia mwendesha mashtaka bila kujua.

Kuhusu Boxer ya 100 na abiria, ni hoja lakini usiiseme kwa mdomo tu. Tafuta fundi anayejua hio pikipiki, akubali kuja kusema hali ya injini yake na spidi inayofika ikiwa na watu wawili. Kama fundi mwenyewe anajua inaweza kufika 81, basi acha hio hoja, usimlete.

Na kama wanaleta picha iliyotolewa kwa mashine, kumbuka sheria ya ushahidi kifungu cha 106B inataka kitu kilichotolewa kwa kompyuta kiandamane na cheti cha mtu anayehusika na hio mashine, kueleza kilitolewa aje. Uliza cheti kiko wapi kabla picha haijapokelewa. Ukinyamaza hapo ikapokelewa, kazi inakuwa ngumu.

Yangu hakukuwa na mashine. Askari alisema tu ameniona nikipita mbio sana. (Eldoret)

Sheria ya trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 43 iko wazi: huwezi kuhukumiwa kwa kuzidisha spidi kwa neno la shahidi mmoja peke yake anayesema kwa maoni yake ulikuwa umepita kiwango. Mmoja, kwa maoni yake, basi. Wakiwa wawili ni mambo mengine, na kama mmoja alikufuata na gari akaangalia mita yake ni mambo mengine pia. Lakini kama ni venye umeandika, usikubali shtaka, na siku ya kusikizwa mtajie hakimu hicho kifungu kwa heshima.

Angalia tu shtaka linasema nini. Saa zingine karatasi haisemi spidi, inasema kuendesha bila uangalifu, na hilo ni kosa lingine lenye ushahidi wake.

Habari mwanangu. Kijana wangu wa miaka 22 alishikwa na pikipiki ya baba yake Jumamosi jioni, tukaambiwa tulete shilingi 10,000 ndio atoke. Tulitoa. Hatukupewa karatasi yoyote. Sasa tunaambiwa korti ni Alhamisi. Hizo pesa ni za faini? (Mama, Machakos)

Pole sana mama, na hapana, hazifai kuwa za faini. Zikiwa za dhamana ni pesa zenu, zinawekwa tu kuhakikisha kijana atafika korti, na kesi ikiisha zinarudi, ashinde ashindwe, ama akipigwa faini anaweza kuomba zikatwe hapo. Lakini bila risiti hakuna mahali zimeandikwa kwamba zilitolewa. Kwa hivyo kabla ya Alhamisi rudini kituo mkiwa wawili, mchana, muombe risiti ya dhamana na namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kama zilitumwa kwa simu usifute ile meseji hata kidogo, inaonyesha siku, saa na namba iliyopokea. Wakikataa kutoa risiti, kijana akisimama mbele ya hakimu amwambie kabla ya kitu kingine chochote kwamba alitoa dhamana ya 10,000 kituoni na hana risiti. Aseme kwa sauti, iandikwe.

Na mama, afike. Hata kama pesa zimepotea, hata kama amekasirika. Asipofika hakimu anatoa hati ya kumkamata na hapo ndipo rumande inaanza kuwa karibu, si mahali pengine.

Mambo ya risiti yananiuma mimi binafsi juu yalinipata. Miaka yangu ya kwanza nilitoa 5,000 kituo fulani, kesi ikaisha vizuri, nikaenda kuzidai nikaulizwa risiti. Zilikuwa kodi ya nyumba ya mwezi huo.

Assalaam aleikum ndugu. Nilisomewa kwa Kiingereza haraka haraka, nikaitikia "yes", kumbe nimekubali kosa. Nimetozwa 15,000. Kuna njia? (Likoni)

Waaleikum salaam. Iko, lakini siku ni chache, una siku 14 tangu uhukumiwe kupeleka rufaa Mahakama Kuu, anza leo.

Hapo juu nimesema aliyekubali hana rufaa juu ya kosa. Lakini hio ni kama kukubali kwenyewe kulikuwa kwa kweli. Kuna uamuzi wa zamani, Adan dhidi ya Jamhuri wa 1973, ambao korti zetu zinaufuata mpaka leo, unasema shtaka lisomwe kwa lugha unayoielewa, ukikubali usomewe maelezo ya venye kosa lilitendeka, halafu uulizwe kama maelezo hayo ni kweli ama una la kusema. Ukisema kitu kinacholeta shaka, hakimu anabadilisha anaandika umekataa. Na Katiba inakupa mkalimani bila kulipa. Enda kwa karani uombe nakala ya mwenendo wa kesi, uone imeandikwa lugha gani ilitumika na kama yale maelezo ulisomewa. Kama hayo hayapo, hio ndio rufaa yako. Tafuta wakili ama watu wa msaada wa kisheria waisome hio nakala.

Nimekataa shtaka, nimeenda mara mbili, askari hajafika. Nasikia ya tatu inafutwa yenyewe? (Rongai)

Hakuna sheria ya mara tatu. Kifungu cha 202 cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema mlalamishi asipofika na alijulishwa, hakimu anaweza kukuachilia huru, ama akiona iko sababu nzuri anaahirisha. Kwa hivyo haifutwi yenyewe, lazima wewe useme. Siku hio ukiitwa, simama ueleze hii ni mara ya tatu, taja tarehe zote, sema unatoka Rongai na kila siku unayokuja hulipwi, omba kesi iishe. Usiposema kitu itaahirishwa tena.

Na wakitaka kuiondoa wenyewe, uliza ni kwa kifungu gani. Ikiwa ni 87(a) umeachiliwa lakini wanaweza kukushtaki tena kwa hilo hilo, ikiwa ni 202 imeisha. Ni tofauti kubwa na inasemwa kwa sekunde mbili.

Kaka nikuambie ukweli, nilikuwa 90 kwa 50. Nilikuwa nimechelewa. Nipinge? (Nakuru)

Asante kwa kusema ukweli. Mimi singepinga. Unaweza kukaa kimya uwaache wathibitishe, hio ni haki yako na siwezi kukunyang'anya, lakini usiende kwa kizimba ukaapa uongo, hilo ni kosa kubwa kuliko spidi. Na 90 kwa senta, ndugu yangu, nimebeba jeneza la rafiki yangu aliyegongana na mtu anayevuka barabara na matenga ya nyanya, wote wawili walienda.

Ukikubali, usikubali halafu ukanyamaza. Hakimu atakuuliza kama una la kusema kabla ya adhabu, na faini ya spidi kwa sheria inaweza kufika 100,000, kwa hivyo hio dakika moja ina maana. Sema ni mara ya kwanza kama ni ya kweli. Sema unapata kiasi gani kwa siku na ni nani unawalisha. Kama huna pesa siku hio sema unaomba muda wa kulipa, ama uulize kama unaweza kupewa kazi ya jamii badala ya kufungwa ukikosa faini. Beba leseni na karatasi ya bima ziwe mkononi, na uvae kitu safi, jaketi ya kuakisi na helmeti uache nje na mtu unayemwamini.