Berlin kwa mwenye watoto: inalipa?

Inalipa, hasa kwa chekechea: ada ilifutwa Agosti 2018, mzazi anachangia chakula tu. Vyuo vikuu vya umma navyo havitozi karo, ila mchango wa kila muhula.

Kinachokwamisha wengi ni nyumba. Dhamana kisheria haizidi kodi ya miezi 3 (bila gharama za maji na kupasha joto), na unaruhusiwa kuilipa kwa awamu 3. Wenye nyumba wengine hawakwambii hilo. Kabla ya kusaini, hakikisha utapewa Wohnungsgeberbestätigung, barua ya kuthibitisha umehamia. Bila hiyo huwezi kujisajili makazi ndani ya wiki 2 zinazotakiwa, namba ya kodi ya mapato inachelewa, na mwajiri anaweza kukukata kodi hiyo kwa daraja la 6, zito kuliko yote.